Miaka mitano kwenye akaunti ya msingi

Nilipofika Leicester, hapa Uingereza, mwaka 2017, benki ya kwanza niliyoingia ilinikataa. Nilikuwa na kibali cha ukaazi, mkataba wa kazi ya kuhudumia wazee na barua ya mwenye nyumba, lakini mashine yao haikunitambua. Benki ya pili ndiyo iliyonifungulia akaunti, ile ya msingi, ya kupokea na kulipa tu. Kadi ikaja kwa posta, mshahara ukaanza kuingia, kodi ya nyumba ikawa inakatwa yenyewe kila tarehe 1, nami nikaona shughuli imekwisha. Nilikaa hivyo miaka mitano.

Nawaona ndugu wengi wakiwa palepale nilipokuwa. Wanaamini kwamba benki ikikuona unaingiza mshahara kila mwezi na hudaiwi na mtu, siku moja itakupandisha yenyewe hadi akaunti kamili, ile ambayo nyumbani tumezoea kuiita akaunti ya hundi. Mimi niliamini hivyo pia. Miaka yote mitano benki yangu haikuniandikia hata mstari mmoja kunijulisha kwamba ninaweza kuomba.

Akaunti ya msingi si ya kuonea aibu, na nasema hivyo kwa sababu nimewasikia watu wakiificha kama mtu anayeficha ugonjwa. Ni haki. Chini ya kanuni za mwaka 2015, zilizoanza kufanya kazi mwaka uliofuata, benki kubwa zilizoteuliwa na Hazina ya Uingereza hazina ruhusa ya kumnyima mtu akaunti hiyo, akiwa anaishi nchini kihalali, kwa sababu tu historia yake ya mikopo ni mbaya au haipo. Haina ada ya mwezi. Malipo yakishindikana kwa kukosa salio, benki haikutozi kitu. Kabla ya mabadiliko hayo zilikuwepo benki zilizotoza hadi pauni 35 kwa kila malipo yaliyokwama, na waliokuwa wakilipa faini hizo ni watu ambao tayari walikuwa wamekosa hela. Mtu aliye kwenye madeni, au anayejijua kwamba akiona hela mbele yake haimkai, namshauri abaki hapo kwa amani.

Mimi kilichonisukuma ni mwezi mmoja wa Desemba. Mshahara ulichelewa siku mbili kwa ajili ya sikukuu, kodi ya nyumba ikajaribu kukatwa, salio likawa halitoshi kwa pauni 60. Akaunti ya msingi haina ovadrafti, yaani ruhusa ya kutumia zaidi ya salio kwa mkopo wa benki, ambayo akaunti kamili huweza kuwa nayo, kwa hiyo malipo yote yalirudi. Benki haikunitoza, ni kweli, lakini wakala wa nyumba alinipigia simu nikiwa kazini, namlisha mzee wa watu uji, akiniuliza kama nina matatizo ya fedha. Miaka mitano sijawahi kuchelewesha kodi hata siku moja. Pauni 60 za siku mbili ndizo zilizonifanya nionekane mtu wa mashaka.

Mwenzangu wa kazini, dada mmoja wa Kisumu, ndiye aliyeniambia, "Si uombe tu?" Nikafungua programu ya benki kwenye simu, nikajaza fomu kwa dakika kumi, nikakataliwa.

Kukataliwa kulinifundisha kuliko kukubaliwa. Nchini hapa kampuni tatu kubwa, Experian, Equifax na TransUnion, ndizo zinazotunza taarifa za mikopo, na sheria inakupa haki ya kuona taarifa zako bure. Niliomba zangu. Sikukuta deni lolote, na hilo lenyewe lilikuwa tatizo: karibu hapakuwa na kitu. Nilikuwa nalipia simu kwa vocha. Nilikuwa nacheza upatu na wenzangu tisa, na sikukosa zamu hata moja, lakini uaminifu wa upatu hauandikwi popote ambapo benki ya Uingereza inaweza kuusoma. Jambo hili bado linaniuma. Watu wetu wanakopeshana na kulipana kwa nidhamu kubwa, halafu kwenye mashine wanaonekana kama wameshuka jana kutoka mwezini.

Lililonishtua zaidi ni kwamba sikuwa kwenye daftari la wapiga kura. Nilidhani ni la Waingereza peke yao. Kumbe raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, hata kura ya ubunge, bila kuwa na pasipoti ya Uingereza. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wote wamo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo, kwa kuwa nchi zao si wanachama, na kwao kazi ya kuthibitisha makazi ni nzito zaidi. Ukiwa kwenye daftari, benki inaona jina lako na anwani yako vinaoana. Kujiandikisha ni bure mtandaoni, unachohitaji hasa ni namba yako ya Bima ya Taifa (National Insurance). Kama wewe ni wa nchi hizo na hujajiandikisha, fanya leo.

Nilijiandikisha, nikahamia simu ya mkataba wa mwezi, nikatulia miezi minne. Sikurusha maombi kwenye benki nyingine kila wiki, maana maombi mengi kwa muda mfupi huacha alama mbaya kwenye taarifa zako. Nilipoomba tena nikakubaliwa, na namba ya akaunti ilibaki ileile, kwa hiyo sikulazimika kumjulisha mwajiri.

Sasa kuhusu ovadrafti, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya hatari. Tangu Aprili 2020 benki haziruhusiwi kutoza ada za kila siku. Zinatoza riba moja ya mwaka, na benki nyingi ziliiweka karibu asilimia 40. Ukidaiwa pauni 500 kwa siku thelathini, unalipa karibu pauni 14. Kwa siku mbili za mshahara uliochelewa, hiyo si kitu. Lakini mtu akizoea kuishi humo, mshahara ukiingia unaziba shimo kwanza, na tarehe 5 anaanza kulichimba upya. Nimewaona waliokaa hivyo mwaka mzima. Ndiyo maana nadhani unapopandishwa, kiwango cha ovadrafti uchague wewe, kidogo kuliko unachopewa. Changu ni pauni 100, na nimekigusa mara mbili.

Jumapili iliyopita binamu yangu alinipigia kutoka Coventry, benki imemkubalia. Simu yake ilikuwa inamwonyesha ovadrafti ya pauni 1,000, inasubiri athibitishe. "Dada, nibonyeze?" Nikamwambia asibonyeze, ashushe kwanza mpaka sifuri, akae na akaunti yenyewe miezi mitatu, ndipo tuzungumze tena. Alishusha tukiwa bado kwenye simu, akanisomea tarakimu iliyobaki.