Darasa la kumi Marekani: kuharakisha au kusubiri?

Sekondari ya Marekani huanza darasa la tisa na kuishia la kumi na mbili. Mtoto akifika la kumi, wazazi hugawanyika: wengine wanataka aanze kujiandaa kwa chuo na kazi mara moja, wengine wanasema aachwe akue kwanza. Kwa familia zetu zinazozungumza Kiswahili, nyingi kutoka Kongo, suala hili ni zito zaidi, maana mara nyingi nyumbani hakuna kaka wala shangazi aliyepita njia hiyo.

Wanaotaka kusubiri wana hoja ya kweli. Kijana aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka michache iliyopita bado anapambana na Kiingereza, anamkalimania mama hospitalini, jioni anaangalia wadogo zake. Kumbana ataje taaluma ya maisha akiwa na miaka 15 ni kumwonea. Hata kukimbilia kulipia mafunzo ya SAT, mtihani wa kuombea chuo, ni mapema mno. PSAT, mtihani wa kujipima kabla ya SAT, ukifanywa darasa la kumi ni mazoezi tu. Unaohesabiwa kwa ufadhili wa National Merit ni ule wa darasa la kumi na moja, na mazoezi ya bure yapo kwenye tovuti ya Khan Academy.

Hata hivyo, naogopa zaidi mambo yanayoamuliwa mwaka huo bila mzazi kuambiwa. La kwanza ni hisabati. Masomo hupangwa kwa ngazi: aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, kisha prekalkulasi na kalkulasi. Anayeanza aljebra ya kwanza darasa la kumi, akisoma ngazi moja kwa mwaka, atamaliza shule akiwa ameishia aljebra ya pili. Akitamani uhandisi baadaye, chuoni ataanza kwa kufidia. Shule nyingine huruhusu kusoma ngazi mbili kwa mwaka, au moja wakati wa likizo ya kiangazi, lakini lazima mtu aulize. Chama cha washauri wa shule kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, na shule nyingi zimepita idadi hiyo, usitarajie akutafute.

La pili ni pesa. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, inayoamua nani apate ruzuku ya Pell isiyorudishwa, hutazama mapato ya miaka miwili nyuma. Atakayeingia chuo mwaka 2028 atapimwa kwa kodi ya 2026, mwaka unaoanza akiwa katikati ya darasa la kumi. Kumbukumbu za mapato zitunzwe tangu hapo.

Ufundi nao una ratiba yake, ingawa wazazi wetu wengi huudharau. Ohio, kwa mfano, vituo vingi vya ufundi hupokea wanafunzi kuanzia darasa la kumi na moja, kwa hiyo maombi hufanywa mwaka mmoja kabla.

Kwa maoni yangu, taaluma isubiri, hisabati isisubiri. Kabla masomo ya mwaka ujao hayajachaguliwa, mzazi aombe kuonana na mshauri, pamoja na mkalimani ili mtoto asitafsiri kikao kinachomhusu mwenyewe, na aulize: kwa mpangilio huu, mwanangu atafikia hisabati gani darasa la kumi na mbili?