Sukutua, Usimeze

Jamani, hili gego limeamua kunitawala. Limenikesheza, na asubuhi shavu ndilo lililotangulia kutoka mlangoni, mwenyewe nikafuata.

Ukiumwa jino Mbagala huhangaiki kutafuta daktari, madaktari wanakufuata wenyewe. Konda kaniandikia maji ya chumvi. Muuza magazeti kitunguu saumu. Fundi viatu akanionesha koleo kwa upole kabisa. Nikamshukuru nikiwa mbali.

Sasa Bi Asha, jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Wete. Kwa Mpemba karafuu si kiungo, ni serikali. "Mwanangu, unadhani hao madaktari wanazibia nini? Mafuta ya karafuu hayo, wanachanganya na unga mweupe." Hapo hakosei. Unga wenyewe ni wa zinki, dawa ya kuzibia kwa muda, na yujenoli, kemikali iliyomo kwenye karafuu, ndiyo inayotia ganzi. Ila karafuu zake kazichemshia kwenye chai ya rangi, sukari vijiko vinne, maana kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kumtukana. Jino limeozeshwa na sukari, tunalitibu kwa sukari!

"Weka upande unaouma. Sukutua, usimeze mpaka nikwambie."

Nikavuta funda. Moto! Machozi yananitoka, mwenzangu ndiyo kwanza anafungua daftari.

"Harusi ya mjukuu wangu umesikia?"

Nikatikisa kichwa kwa maumivu.

"Nikuandikie ahadi ya laki?"

"Mmh! Mmh!"

"Laki mbili? Mungu akuzidishie, baba."

Nikanyoosha kidole kumzuia. Akaandika: na kreti moja ya soda.

Aliponiruhusu kumeza, ganzi ilikuwa imekamata ulimi, jino halina habari. Nikajaribu kukana, yakatoka maneno ya mtoto anayeota meno. Bi Asha akaitikia, "Amina."

Na hizi harusi nazo! Hela hiyo ningeng'oa gego na chenji nikanywea supu. Bwana harusi ana gari, eti mimi ninayening'inia kwenye daladala nimlipie mapambo! Halafu kadi yenyewe singo, mama watoto abaki nyumbani aangalie picha kwenye simu. Ile niliyochangia mwaka jana nilikuta ukoko wa pilau, na MC anatulazimisha tusimame tucheze. Nicheze na njaa hii?