Usiongeze Bando, Kagua Waya

Kila nikilalamika kwamba picha inakatika kwenye miwani yangu ya VR, ile inayokufanya ujione umo ndani ya mchezo, watu wa hapa Kisumu wananirudishia swali lilelile: "Una kifurushi cha ngapi?" Jirani aliniuliza. Mpwa wangu aliniuliza. Wakala wa kampuni ya intaneti, ambaye hata hakunisikiliza hadi mwisho, alinishauri nipande kifurushi. Nikapanda. Nimelipa hela za juu mwezi mzima na picha ikaendelea kukwamakwama kama matatu yenye klachi mbovu inayopanda mlima wa Riat.

Sasa nasema bila kuuma maneno: kwa shida hii, intaneti haihusiki. Mchezo unachorwa na kompyuta iliyo pale mezani. Kompyuta inaifinya picha iwe video, inairusha kwa Wi-Fi, miwani inaifungua, nawe unaiona. Safari nzima haitoki nyumbani. Nilijaribu kuchomoa waya unaoleta intaneti nyumbani, mchezo ukaendelea kama kawaida. Kununua bando kubwa kwa ugonjwa huu ni sawa na mvuvi wa Dunga kununua injini mpya ilhali magugu maji yamefunika ufuo wote.

Kompyuta yangu inatumia Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, na miwani yangu ni Quest 2 ya kampuni ya Meta. Air Link, njia ya Meta wenyewe ya kucheza bila waya kutoka kwenye kompyuta, inataka Windows. Sisi wa Linux tuna programu mbili za kazi hiyo: ALVR, inayoshirikiana na SteamVR, programu ya VR ya duka la michezo la Steam, na WiVRn, iliyojengwa juu ya Monado, programu huria ya VR. Zote ni za bure. Mimi nilitulia na WiVRn.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, na lilinilia jioni nzima. Miwani iliiona kompyuta kwenye orodha, lakini nikiigusa inasubiri, inasubiri, kisha inakata tamaa. Kumbe zamani niliwahi kuwasha ufw, ule ukuta wa kuzuia wageni, kwa sababu ya woga wa Wi-Fi za mikahawani, halafu nikasahau. WiVRn hupitia mlango wa mtandao (port) nambari 9757, kwa njia zote mbili za kusafirisha data, TCP na UDP. Wa ALVR wafungue 9943 na 9944. Amri moja tu, sudo ufw allow 9757, na picha ikaja.

Ikaja, lakini ikawa inakatika. Hapo ndipo watu wengi wanapokimbilia kifurushi, maana wanaifikiria VR kama filamu ya mtandaoni. Filamu hujiwekea akiba: inapakua dakika kadhaa mbele, mtandao ukiyumba hujui. VR haiwezi kuweka akiba kwa sababu haijui utageuza kichwa upande gani. Ukicheza kwa picha 72 kwa sekunde, kila picha ina takriban milisekunde 14. Ikichelewa imeshachacha, na tumbo lako litakwambia kabla ya macho.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa kompyuta yenyewe, ambayo nayo ilikuwa kwenye Wi-Fi. Maana yake kila picha ilipanda hewani hadi kwenye ruta, kisha ikashuka hewani hadi kwenye miwani, chaneli ileile, foleni ileile. Na hewa ya Kondele si ya mtu mmoja. Niliandika nmcli dev wifi, amri ya kuorodhesha Wi-Fi zilizo karibu, nikahesabu mitandao zaidi ya 30 kutoka kwenye kiti changu, karibu yote imerundikana kwenye 2.4 GHz, moja ya masafa mawili ya Wi-Fi yangu; la pili ni 5 GHz. Ruta yangu ilikuwa imezipa 2.4 na 5 GHz jina moja, kwa hiyo miwani ilijichagulia ilipopenda, na mara nyingi ilichagua vibaya. Nikazitenganisha, nikaipa 5 GHz jina lake, nikaihamisha ruta kutoka koridoni hadi sebuleni. Hiyo 5 GHz ina kasi lakini haina pumzi; ukuta mmoja wa mawe, imechoka.

Halafu nikaenda mjini kununua waya wa kuunganisha kompyuta na ruta. Fundi akanipimia mita 10, akaubana vichwa palepale, dakika tano. Nikafika nyumbani nikiwa na furaha ya bwana harusi. Nikachomeka, nikavaa miwani. Afadhali kidogo, lakini nikigeuza kichwa haraka, kwenye kuta za mchezo palitokea vile vijisanduku vya ukungu.

Hapa naitetea Linux, ambayo marafiki zangu hupenda kuicheka. Niliandika ethtool, amri ya kukagua waya wa mtandao, na jina la kadi ya mtandao, ikanijibu: Speed: 100Mb/s, yaani megabiti 100 kwa sekunde. Ruta na kompyuta zote zinaweza 1000. Nikakikata kichwa cha waya kwa kisu cha jikoni nikakichungulia. Ndani ya ule waya mna nyaya ndogo 8. Fundi alikuwa amezibana 4 tu. Zile za bluu na za kahawia alizikata akazikunja kwa nyuma, zisionekane. Kwa megabiti 100, nyaya 4 zinatosha na intaneti ya nyumbani huioni tofauti, ndiyo maana labda hajawahi kulalamikiwa. Ukitaka 1000, zote 8 lazima zifanye kazi. Na mimi kwenye WiVRn nilikuwa nimeiwekea video megabiti 150 kwa sekunde. Gunia la debe tatu kwenye mfuko wa mbili.

Nikazibana upya zote 8. Speed: 1000Mb/s. Kabla ya hapo nikiipigia miwani ping, yaani kuibishia hodi na kupima inachelewa kiasi gani kuitika, inajibu kwa milisekunde 4, 5, halafu ghafla 180. Sasa inacheza kati ya 3 na 6, na nimeishusha video hadi megabiti 100 kwa sababu, kusema kweli, macho yangu hayaoni tofauti.

Si kila shida ni ya njia, nakubali. Kijana mmoja wa Maseno mwenye Fedora, Linux ya aina nyingine, na kadi ya picha ya AMD alikuwa na waya mzuri kuliko wangu, lakini feni ya kompyuta yake ikinguruma kama posho mili. Tangu Fedora 37, mwaka 2022, waliondoa H.264 na H.265, njia za kufinya video, kwenye Mesa, programu inayoiendesha kadi ya picha, kwa sababu za hataza, yaani haki za wavumbuzi, kwa hiyo kazi ya kufinya video ilikuwa inabebwa na prosesa badala ya kadi. Akaweka mesa-va-drivers-freeworld kutoka RPM Fusion, ghala la nje la programu za Fedora, kelele zikaisha.

Jambo lililobaki kwangu ni stima. Ikipotea na kurudi, ruta ilikuwa inajichagulia chaneli upya, siku nyingine palepale walipojazana majirani. Nimeifunga kwenye chaneli 36.

Na waya wenyewe bado umelala katikati ya sebule, umefunikwa na mkeka. Mama watoto ameshaukanyaga mara mbili. Amenipa hadi Jumamosi niupandishe ukutani, la sivyo, anasema, yeye mwenyewe anajua kisu cha jikoni kiko wapi.