"Hameni mabondeni" ni agizo, bado si mpango

Kila mto unapovunja kingo zake, tamko huwa lile lile: wakazi wa mabondeni wahame mara moja, waende maeneo salama. Likishatoka, aliyelitoa anahesabika ametimiza wajibu wake, na atakayesombwa baada ya hapo anaingizwa kwenye hesabu ya wakaidi. Tamko hilo linanikera kwa yale lisiyoyasema. Waende wapi? Kwa usafiri gani? Bibi asiyeweza kutembea atabebwa na nani, na shamba likiachwa litakuwa la nani?

Watu hawakai kando ya mto kwa ujinga. Mafuriko ya kawaida huacha tope lenye rutuba linalolisha familia mwaka mzima. Maji yako karibu, ardhi ni tambarare, na mara nyingi ndiyo pekee ambayo mtu wa kipato cha chini anaweza kuipata. Vizazi vimeishi hapo vikipishana na mto: unapanda, wanasogea, unashuka, wanarudi kulima.

Balaa ni pale yanapokuja mafuriko yasiyofanana na yale waliyoyazoea. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali kabisa, na huku kijijini nyota zinaonekana. Watu wanalala. Usiku wa manane mtu anashusha mguu kitandani na kukanyaga maji. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuyadharau, maana yakiwa kwenye kifundo cha mguu yanaonekana ya kawaida. Lakini mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 yanaweza kuondoka na gari.

Kwa hiyo, kabla hatujamwambia mtu ahame, tuhakikishe taarifa inamfikia mapema na kwa namna atakayoielewa. Utajiri peke yake hautoshi. Mwezi Julai 2021, mto Ahr nchini Ujerumani ulifurika usiku na kuua watu zaidi ya 130 kwenye bonde lake. Wataalamu walikuwa wameiona hatari hiyo siku kadhaa kabla. Hata hivyo, amri ya kuwahamisha watu wa kandokando ya mto ilitoka saa tano usiku ikiwa imepita, wakati sehemu nyingi zilikwisha kumezwa. Katika mji wa Sinzig, watu 12 wenye ulemavu walifia ghorofa ya chini ya makazi yao. Vipimo vilikuwepo, kompyuta zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga mlango kwa wakati.

Ukilinganisha na bonde la mto Búzi nchini Msumbiji, utaona ninachokipigania. Baada ya mafuriko mabaya ya mwaka 2000, wanavijiji wa huko walifundishwa kusoma wenyewe kina cha mto na kiasi cha mvua, kupashana habari kwa redio ya upepo kutoka juu ya mto hadi chini, na kupandisha bendera za rangi ili hata asiyejua kusoma aelewe hatari imefikia wapi. Kamati ni ya watu wa hapo hapo, wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina watoto walioachwa peke yao. Ningekuwa na bajeti ya maafa mkononi, fedha za mwanzo ningezipeleka huko. Saa za kwanza za mafuriko ni za majirani. Mashua ya uokoaji ikifika, aghalabu kazi kubwa imeshafanywa na kijana mwenye kamba na mwenye mtumbwi.

Kisha maji yanapungua, kamera zinaondoka, na hapo ndipo mateso yanaanza kwa kweli. Visima vimechanganyika na maji ya vyoo. Tope limejaa hadi kwenye madirisha na linaanza kukauka kuwa gumu. Juu ya bati utaona vyeti vya kuzaliwa na hati za ardhi vimetandazwa juani, vimekandamizwa kwa mawe, wino umetawanyika. Halafu anakuja mgawaji wa misaada na kuuliza: kitambulisho kiko wapi? Naliona hilo kuwa ukatili. Shahidi wa kwamba mtu ni mkazi wa hapo ni jirani yake, na ushahidi huo unapaswa kukubalika.

Sipingi kuhama. Kuna mito ambayo imebadilika, na kuna vijiji ambavyo havina budi kuondoka. Napinga kumhamisha mtu peke yake na mikono mitupu. Kijiji cha Valmeyer, Marekani, kilipozamishwa na Mississippi mwaka 1993, wakazi wake wapatao 900 walikaa wakajadiliana, na wengi wakaamua kujenga upya mlimani, karibu na walipokuwa. Mashamba ya bondeni yaliendelea kulimwa. Grantham, Australia, ilipoteza watu 12 kwa mafuriko ya mwezi Januari 2011. Halmashauri ikanunua ardhi ya juu, wakazi wakabadilishana viwanja vyao vya zamani na vipya, na kabla mwaka haujaisha familia za kwanza zilikuwa zimehamia.

Kwenye bonde la Zambezi, kinyume chake, waliopelekwa nyanda za juu zisizo na maji ya kutosha walirudi bondeni kulima, kwa sababu watoto wanataka kula. Wakiitwa wakaidi, mimi nitasema hapana. Walipewa mahali pa kulala wakanyimwa mahali pa kulima. Kabla ya msimu ujao wa mvua, anayewataka wahame awaitishe mkutano na aje na ramani ya viwanja, chanzo cha maji, na maandishi yanayosema shamba la bondeni linabaki kuwa lao.