Konokono wa Rau na mbege yangu

Jamani leo nimeamka nakuta mboga yangu ya chainizi imebaki vijiti. Vijiti! Imesimama ile mishipa tu kama antena, na chini michirizi inang'aa utadhani mtu kamwaga gundi. Hawa konokono wasio na nyumba wamenishinda. Yule mwenye gamba angalau unamuona, unamuokota, unamrusha kwa jirani. Huyu wa uchi mchana kajibana chini ya tofali, giza likiingia ndo anatoka kama mgambo, na masika ya huku Rau, Moshi, mnayajua, ni sherehe yao.

Majivu niliweka, mvua moja tu yakawa uji. Chumvi, mke wangu akaniuliza kama naiunga udongo. Bata nikaazima, akala konokono wawili akahamia kwenye mchicha.

Kijiweni wakanambia pombe, eti wanafuata harufu ya chachu, chimbia kopo, mdomo ubaki juu kidogo, watazama wenyewe. Sasa bia ya chupa nimpe konokono, mimi mwenyewe mara ya mwisho ni harusi ya shemeji? Nikachukua mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, lita mbili, nikagawa kwenye makopo matano ya majarini, nikafukia kwa heshima zote.

Asubuhi nimechuchumaa nakagua, meku, yaani mzee, wa nyumba ya pili anapita na panga anaenda kukata majani ya ng'ombe. Akasimama. Akanusa.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. "Hiyo ni mbege?"

"Ndiyo mzee, ila ni ya hawa wadudu."

"Ya nani?"

Nikaeleza. Akavuta ndoo akakaa, akavua kofia kama yuko msibani. "Kijana wangu, kama wazee wako wamekujia ndotoni sema tu, usiseme konokono. Na tambiko halifanywi na kopo la majarini, tena bila kuita majirani." Naapa ni konokono mzee, angalia! Akainama, akawahesabu, kumi na moja, wamevimba. "Hawa wamekufa vizuri," akasema, na mimi nikasikia wivu kabisa kwenye ile sauti. Akaomba kilichobaki kwenye dumu aone kama hakina tatizo. Akaonja. Ulezi kidogo, akasema. Akaonja tena kuhakikisha. Hapo nikapigwa somo la ulezi nusu saa nzima, daladala imenipita, dumu limeisha.

Jioni karudi na kata yake mkononi: "Tunatega saa ngapi?"

Tunatega! Leo siku ya nne. Mchicha fungu mia tano pale sokoni, mimi nimelima ili nibane matumizi, sasa nanunua mbege kila siku ya konokono na ya mzee, na mzee ndo anamaliza! Mimi nilitaka mboga tu jamani, mboga!

Basi nimeamua nawaokota usiku kwa mkono. Shida kila mmoja wao ni dume na jike humo humo, kila utakayemwacha anataga. Na tochi ni ya simu, simu ina asilimia nne, umeme hamna, halafu fundi aliyesema "niko njiani" tangu Jumanne nikimpigia nasikia kuku wanalia, huyo yuko kwake kabisa.