Mshahara wa grini kadi: ngao ya mfanyakazi au kitanzi cha mwajiri mdogo?

Mtu anapodhaminiwa na mwajiri ili apate grini kadi ya Marekani, mshahara wake hupimwa mara mbili, na vipimo hivyo viwili havifanani. Kwanza Wizara ya Kazi huuliza kama mshahara ulioahidiwa unafikia kiwango cha soko kwa kazi hiyo katika eneo hilo. Baadaye idara ya uhamiaji, USCIS, huuliza kama mwajiri ana uwezo wa kuulipa. Kipimo cha kwanza kina msingi mzuri na kinapaswa kubaki. Cha pili kina nia njema, lakini kwa namna kinavyotumika kinawaumiza watu ambao hawajadanganya yeyote.

Tuanze na soko. Mwajiri hujaza fomu ETA-9141, akaeleza kazi, mahali itakapofanyika na masharti anayomtaka mwombaji atimize. Wizara hurudisha kiwango kilichochukuliwa, mara nyingi, kwenye takwimu za mishahara ziitwazo OEWS. Kila kazi ina ngazi nne. Ukiwapanga wafanyakazi 100 wa kazi hiyo kuanzia anayelipwa kidogo kabisa, ngazi ya kwanza iko karibu na mtu wa 17, ya pili wa 34, ya tatu wa 50 na ya nne wa 67.

Wengi hudhani ngazi hutegemea sifa za mfanyakazi. Hapana, hutegemea masharti yaliyoandikwa. Ukidai shahada ya uzamili pale ambapo ya kwanza hutosha, unaongezewa pointi moja, na pointi hupandisha ngazi. Kazi ya kusimamia wengine inaweza kuongeza nyingine, na uzoefu unaozidi kawaida ya kazi unaweza kuongeza hadi tatu. Hapa ndipo waajiri hujikwaa: wanarundika masharti ili Wamarekani wachache waombe nafasi, kisha kiwango kinarudi katika ngazi ya nne, juu ya kile wanachoweza kulipa. Inabidi masharti yaandikwe upya na foleni ianze tena, na majibu huchukua miezi. Kiwango chenyewe hudumu kati ya siku 90 na mwaka 1. Matangazo ya kuwatafuta Wamarekani yaanze, au ombi la cheti cha kazi (uthibitisho wa Wizara kwamba hakupatikana Mmarekani anayefaa) liwasilishwe, kabla muda huo haujaisha.

Wanaotetea wafanyakazi wa Marekani husema viwango hivi ni vya chini, kwa kuwa ngazi mbili kati ya nne ziko chini ya mtu wa katikati. Hoja hiyo ina uzito. Ombi zima linasimama juu ya madai kwamba hakupatikana Mmarekani anayefaa na aliye tayari kuifanya kazi hiyo. Mwajiri anayetangaza malipo yanayozidiwa na wafanyakazi zaidi ya 80 kati ya 100 hajatafuta kwa bidii. Lakini dawa iliyojaribiwa Oktoba 2020 ilikuwa kali kupita kiasi. Wizara ilizipandisha ngazi hadi 45, 62, 78 na 95, zikaanza kutumika mara moja bila wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni kwanza. Waajiri walilalamika kwamba mhitimu mpya hawezi kulipwa zaidi kuliko karibu nusu ya wenzake wenye uzoefu, na Desemba mwaka huohuo mahakama ikaifuta kanuni hiyo. Kupandisha ngazi ya kwanza hatua kwa hatua kungekuwa haki. Kuruka namna ile kuliwapa wapinzani ushindi wa bure.

Sasa uwezo wa kulipa. Kanuni inamtaka mwajiri aonyeshe uwezo huo kuanzia tarehe ya kipaumbele, yaani siku ombi la cheti cha kazi, PERM, lilipopokelewa, hadi mfanyakazi apate ukaazi wa kudumu. Ushahidi ni ripoti za mwaka, ritani za kodi za serikali kuu au hesabu zilizokaguliwa. Kwa kila mwaka, mwajiri hupita kwa njia moja kati ya tatu: tayari anamlipa mfanyakazi mshahara ulioahidiwa, na fomu W-2, zinazoonyesha mshahara wa mwaka, zinathibitisha hivyo; faida halisi inatosha; au mali za muda mfupi (fedha na vitu vinavyoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka), baada ya kutoa madeni ya muda mfupi, zinatosha.

Mshahara ulioahidiwa ni wa siku zijazo. Sheria ya grini kadi haidai ulipwe leo, ingawa mwenye viza ya kazi ya muda ya H-1B ana kanuni nyingine inayodai malipo yake sasa hivi. Tuseme ahadi ni dola 90,000 na mfanyakazi analipwa 72,000. Kampuni inatakiwa kuziba pengo la 18,000. Ikiwa faida halisi ni 11,000 na mali halisi za muda mfupi ni 15,000, ombi linaanguka, kwa sababu USCIS haijumlishi viwili hivyo. Uchakavu wa mitambo nao haurudishwi kwenye faida, ijapokuwa si fedha iliyotoka mfukoni mwaka huo. Mwaka 2009, katika kesi ya River Street Donuts, mahakama ya rufaa iliunga mkono msimamo huo. Na mwajiri aliyedhamini watu wanne hujumlishiwa mapengo ya wote wanne.

Wanaoutetea ukali huu wana sababu. Zipo kampuni hewa zinazouza ahadi za kazi, na ritani ya kodi ni vigumu kuitia chumvi, kwani anayeongeza faida kwenye karatasi anaongeza pia kodi yake. Hata hivyo, biashara ndogo nyingi hupunguza faida kihalali ili zilipe kodi kidogo. Mhasibu aliyefanya kazi yake vizuri ndiye anayemwangusha mfanyakazi. Kwa upande mwingine, mwajiri mwenye watu 100 au zaidi anaweza kukubaliwa kwa barua tu ya ofisa wake wa fedha. Upo uamuzi wa 1967, Sonegawa, unaoruhusu hali nzima ya biashara itazamwe: umri wake, mapato ghafi, jina lake, sababu ya mwaka mmoja mbaya. Lakini ni hiari ya ofisa, na mwenye kuutegemea anatakiwa alete ushahidi wa kila jambo. Neno la mwenye kampuni halitoshi.

Foleni ndefu ya grini kadi ndiyo inayozidisha tatizo. Muuguzi wa Kenya anayedhaminiwa na hospitali hapitii hatua ya kutafuta Wamarekani, kwa kuwa wauguzi wako katika orodha maalumu ya kazi zenye upungufu, lakini kiwango cha soko bado kinatakiwa. Huenda akasubiri Nairobi kwa miaka, huku mishahara ikipanda. Mwajiri huapa kwamba atalipa angalau kiwango cha soko kitakachokuwepo kazi itakapoanza, ila hakuna hatua inayomlazimu kuomba kiwango kipya kabla mtu hajapanda ndege. Kama kuna sehemu ya sheria inayohitaji kurekebishwa haraka, ni hii, maana ulinzi unapungua kadiri mtu anavyosubiri.

Hadi hapo, mwenye kudhaminiwa ajikinge mapema. Aombe nakala ya majibu ya ETA-9141 na asome masharti, ngazi na tarehe ya mwisho. Aulize kampuni imedhamini wangapi wengine, na kama ritani ya mwaka wa tarehe ya kipaumbele ilionyesha faida. Bonasi na kamisheni asizihesabu isipokuwa mwajiri amehakikisha kwa maandishi kwamba malipo ya kila kipindi yatafikia kiwango cha soko. Tangu Julai 2007 ni marufuku mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za PERM, ikiwemo ada ya wakili wa mwajiri, na kumkata mshahara polepole ni kumtoza. Na anayesubiri nje ya Marekani aangalie kiwango cha mwaka husika kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi, ambako viwango hubadilishwa kila Julai, kabla ya kusaini mkataba wa mwisho.