Miezi Mingapi?

Mtu akitaka kujua kwetu ni wapi, hana haja ya kitambulisho. Nikicheka tu, anasema, "Wewe ni wa Nakuru." Meno yangu yamebeba maji niliyokunywa utotoni, ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya volkano ya Bonde la Ufa, yenye floraidi tele, madini yanayoacha ukahawia kwenye meno. Juu ya hiyo nimeongeza turungi miaka nenda miaka rudi, yaani rangi juu ya rangi.

Siku ambayo shemeji angenipitia twende nikajulishwe kwao, nikaamua wakwe lazima waone meno meupe. Fundi viatu wa pale kona alikuwa ameniapia kwamba makaa yaliyosagwa yakatiwa ndimu hushinda dawa yoyote ya dukani. (Yeye mwenyewe ana meno matatu.) Nikasaga kipande, nikakamulia ndimu, nikasugua kama sufuria ya ugali. Povu jeusi, ulimi mweusi, ufizi unawasha moto. Nikafungua mfereji nisukutue. Mfereji ukakohoa, ukanyamaza.

Wa Nakuru mnajua, maji hayaagi yakienda. Mtungi wa akiba nilikuwa nimeumaliza kufua shati la ukweni. Kilichobaki nyumbani ni chupa ya chai. Turungi. Nikasukutua na hiyo hiyo, ikiwa moto.

"Hodi!"

Shemeji alikuwa amekuja na shangazi yake, mama asiyecheka ovyo. Nikajibu "Karibuni," na weusi wote ukamwagikia shati.

Shangazi akanitazama, akatazama makaa mezani.

"Kijana, unakula makaa?"

"Hapana shangazi, nasafisha meno."

Akamgeukia shemeji. "Wanaotafuna udongo na makaa nawajua, ni waja wazito. Huyu ana miezi mingapi?"

Shemeji akakaa chini sakafuni kwa kicheko. Mpaka leo ukweni naitwa Mama Kijacho.

Baadaye daktari wa meno alinikwangulia madoa ya chai, yakatoka, maana hukaa juu ya jino. Ule ukahawia wa floraidi ukabaki. Aliniambia uliingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, na ndimu kazi yake ni kula gamba la jino tu.

"Kwa hivyo makaa ni bure?"

"Makaa husaidia sana," akasema, "lakini ni ya mifupa ya ng'ombe, na hutiwa kwenye kichujio, yapunguze floraidi kabla mtoto hajanywa maji. Wewe umechelewa kama miaka thelathini, halafu ukachoma mti."